MP Ambaye Si Mbunge

Mwiki ni mbili. Ukisimama tao uulize mathree ya Mwiki, konda atataka kujua kwanza kama unaenda ile ya Kasarani ama ile ya Githurai. Ya kwanza iko kaunti ya Nairobi. Hii yetu ni wadi ya Ruiru, kaunti ya Kiambu. Kutoka moja hadi nyingine unaweza kutembea kwa miguu, lakini ukishavuka umebadilisha gavana, MCA, kanjo na kituo cha polisi. Ukiibiwa simu upande ule, utaambiwa ukaripoti upande ule. Kwa hivyo mtu wa Mwiki hahitaji wakili wa kumweleza maana ya mipaka ya mamlaka. Ni lile swali la konda tu: uko upande gani?

Kuna mpaka mwingine hapa karibu ambao hatuujui vizuri hivyo. Ng'ambo ya Thika Road, pale Kahawa, kuna kambi ya jeshi. Ukiwa kwenye jam asubuhi utaona malori ya kijani yakipita, na mara moja moja gari lenye herufi MP. Kwa sababu Kenya hii MP ni mbunge, utani kwenye mathree ni uleule kila siku: siku hizi hata mheshimiwa anabebwa na lori. Lakini hao ni polisi wa kijeshi. Wana pingu, wana seli na wana uwezo wa kukamata. Swali ni kumkamata nani. Wewe unayeenda job Ruiru umevaa suruali ya jungle uliyookota Gikomba, wanaweza kukufanya nini? Na mwanajeshi akikuumiza, ni nani anayemkamata yeye?

Haya si maswali ya darasani tena. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, milio ya risasi ilisikika Githurai, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Siku hiyohiyo serikali ilikuwa imetangaza kwamba jeshi linaingia barabarani kusaidia polisi. Kujua kama aliyeshika bunduki ni karao ama ni mwanajeshi kukawa na uzito mpya. Mwili unaumia sawasawa, lakini sheria haikupeleki mlango mmoja.

Nitakachosema hapa ni rahisi. Polisi wa kijeshi na sheria yao waliwekwa kama ua wa kuwafunga wanajeshi ndani ya nidhamu. Ua huo haukujengwa kwa ajili yako. Historia yetu ina vipindi ambapo uliangushwa, na anayelipa huwa ni raia. Tena una tundu ambalo bado halijazibwa.

Kambi iliyogeuka chuo

Tuanze hapa mtaani. Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho wengi wetu tunakijua kama stage ya KU, kilianza kama kambi ya jeshi la Waingereza. Iliitwa Templer Barracks, kwa jina la Jenerali Gerald Templer, yule aliyepambana na waasi wa Malaya. Mwaka 1965 Uingereza iliikabidhi serikali ya Kenya, ikageuzwa kuwa Kenyatta College. Mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hadithi hiyo ilinikaa. Pale ambapo fresha leo anatafuta ukumbi wa lecture, mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa mahali pa mlinzi mwenye bunduki. Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1949, ilimpa mlinzi wa mahali kama hapo uwezo wa kukusimamisha, kukupekua na kukuzuia ukiingia bila ruhusa. Sheria hiyo haikuondoka na Waingereza. Mpaka leo ni Sura ya 204 ya sheria za Kenya, na ndiyo inayofanya geti la kambi liwe tofauti na geti la ploti yenu.

Ardhi haikubadilika. Kilichohama ni mstari wa nani anaamuru nani, na mstari huo huwekwa na watu, kwa karatasi, kwa tarehe fulani.

Kazi yao hasa ni gani

Kila jeshi kubwa lina watu wa kusimamia nidhamu yake. Kwa Waingereza mkubwa wao huitwa provost marshal, cheo cha karne nyingi, na jeshi la Kenya lilirithi mfumo huo pamoja na buti na gwaride. Kazi yenyewe haina maajabu: kuwatafuta waliotoroka jeshini, kulinda seli za kambi, kuongoza misafara barabarani, kuchunguza wizi na ngumi kati ya wanajeshi, kuwashika mateka vitani.

Jina lenyewe linadanganya ukisafiri. Brazil, Polícia Militar ndio wanaofanya doria mitaani na kukamata raia kila siku. Ufaransa, Gendarmerie ni sehemu ya majeshi lakini ndiyo polisi wa vijijini. Marekani walikwenda upande wa pili: mwaka 1878 walipitisha sheria ya Posse Comitatus ili jeshi lisigeuzwe polisi wa kuwashika wananchi. Sisi tuko karibu na Marekani kuliko Brazil, angalau kwenye karatasi.

Karatasi yetu ni Katiba ya 2010 na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya 2012. Sheria hiyo inazungumza juu ya watu walio chini yake, yaani maafisa, wanajeshi wa kawaida na wachache wengine katika hali maalum, kama raia wanaofuatana na jeshi likiwa vitani ng'ambo. Hao ndio polisi wa kijeshi wanaweza kuwakamata kwa makosa ya kijeshi. Hao ndio wanaopelekwa mahakama ya kijeshi, ambayo kwa Kifungu cha 169 cha Katiba ni mahakama ya ngazi ya chini kama ile ya hakimu, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu.

Mwanajeshi analipa bei kwa kuvaa yale magwanda. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki zake: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za mfanyakazi, hata haki za mtu aliyekamatwa. Wewe hujalipa bei hiyo. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakutaka uelezwe sababu, upate wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Hakuna kifungu kinachosema mwanajeshi akikushika wewe haki hizo zinapumzika.

Sasa ile suruali ya jungle. Ni kweli kuvaa sare za jeshi bila ruhusa ni kosa, na liko kwenye Kanuni ya Adhabu. Watu wamevuliwa nguo barabarani kwa sababu hiyo na wakaondoka wakishukuru hawakupigwa. Lakini kosa likiwa kwenye Kanuni ya Adhabu, linaenda kwa hakimu wa kawaida. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hukumu yake ni kofi, kuruka kichura ama kugaragara kwenye matope mbele ya stage.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Siku ya kawaida, Bunge halijaidhinisha chochote, mwanajeshi aliye nje ya kambi ana uwezo gani wa kumkamata raia? Ana ule alionao mtu wa nduthi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 34, inamruhusu mtu yeyote kumshika anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Kifungu kinachofuata kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mtu wa nduthi akimshika mwizi wa simu, anapaswa kumpeleka kituoni. Mwanajeshi pia. Tofauti ni kwamba mmoja wao tunamwogopa kiasi cha kutomuuliza anatupeleka wapi.

Chuka, 1953

Ua huu ulijaribiwa mapema. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Askari walimiminwa nchini, na kanuni za dharura zikawapa nguvu juu ya watu ambao hawakuwa wanajeshi. Kufikia Operesheni Anvil ya tarehe 24 Aprili 1954, jeshi na polisi walizingira Nairobi yote na kuchuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Maelfu walipelekwa vizuizini bila kuona hakimu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1953, kikosi cha King's African Rifles kilipita Chuka na kuua watu wapatao 20. Wengi wao walikuwa upande wa serikali, wanaume wa ulinzi wa nyumbani. Kamanda wa kikosi hicho alikuwa Kapteni Gerald Griffiths. Jenerali George Erskine, aliyekuwa amewasili kuongoza vita, aliwaandikia maafisa wake kwamba hatavumilia ukatili.

Kilichofuata kinaonyesha haki ya kijeshi inavyofanya kazi ikiachiwa mlango wake peke yake. Novemba 1953 Griffiths alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, lakini si kwa Chuka. Alishtakiwa kwa mauaji ya mfanyakazi wa msitu katika tukio lingine, akaachiliwa. Kelele zikapanda mpaka bunge la London, na Desemba ikaundwa kamati ya uchunguzi chini ya McLean. Mwaka 1954 Griffiths akarudishwa kizimbani kwa mateso dhidi ya wafungwa, akafukuzwa jeshini na kufungwa miaka 5.

Unaweza kusema basi mfumo ulifanya kazi. Ulifanya kazi nusu. Afisa mmoja aliadhibiwa kwa jambo ambalo jeshi lilichagua kulishtaki, wakati ambapo aibu ilikuwa imeshazidi. Kwa watu wa Chuka wenyewe hakuna aliyesimamishwa kizimbani.

Lanet na Agosti mosi

Haki ni kusema pia pale ambapo ua ulifanya kazi yake hasa. Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, majeshi ya Afrika Mashariki yaliasi moja baada ya jingine: Tanganyika tarehe 20, Jinja nchini Uganda tarehe 23, na usiku wa tarehe 24 ikawa zamu ya kikosi cha 11 cha Kenya Rifles pale Lanet, Nakuru. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini waliuzima uasi huo. Waasi walipelekwa mahakama ya kijeshi na kikosi kikavunjwa. Mwanajeshi kuasi ni kosa la kijeshi, na hapo hakuna wa kubishana kuhusu mlango.

Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa ngumu zaidi. Wanajeshi wa anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walitwaa redio ya taifa kwa saa chache. Jaribio liliposhindwa, Jeshi la Anga lilivunjwa na mahakama za kijeshi zikaketi Lang'ata. Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu, waliokuwa wamekimbilia Tanzania, walirudishwa, wakahukumiwa, na mwaka 1987 wakanyongwa Kamiti, ambayo kutoka Kahawa si mbali. Tangu hapo Kenya haijamnyonga mtu mwingine.

Lakini angalia walioshikwa pamoja nao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishangilia mapinduzi asubuhi hiyo. Kiongozi wao Titus Adungosi alihukumiwa miaka 10 kwa uchochezi, akafia gerezani mwaka 1988. Yeye alishtakiwa mahakama ya kawaida, maana alikuwa raia. Hata serikali ya Moi, katika hasira ya mwaka ule, haikumpeleka mwanafunzi mbele ya majaji wenye magwanda. Mstari ulichorwa.

Naileta hadithi ya Adungosi pia kwa sababu inanizuia kusema uongo. Mlango wa kiraia nao unaweza kukumeza. Kuwa upande sahihi wa mpaka hakukupi haki, kunakupa mahali pa kuidai. Unakuwa na wakili, rekodi iliyo wazi, rufaa na gazeti la kesho yake. Kambini vitu hivyo unavipata mpaka pale afande atakapotaka.

Mlimani, 2008

Sasa njoo karibu zaidi. Machi 2008, nchi ikiwa bado inatoa harufu ya moshi wa baada ya uchaguzi, serikali ilipeleka jeshi Mlima Elgon kupambana na Sabaot Land Defence Force, kundi lililokuwa likiua na kukata watu masikio kwa sababu ya ardhi. Operesheni iliitwa Okoa Maisha. Wakaaji wengi mwanzoni walifurahi, na sishangai.

Kisha jeshi likaanza kukusanya wanaume. Walipelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, neno lilelile la 1954. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2008 ilieleza kwa kina vipigo na mateso ya hapo, na wengine waliochukuliwa hawakurudi nyumbani. Waliopita mchujo vibaya walikabidhiwa polisi na magereza. Ona mpangilio huo: mwanajeshi anashika, anapiga, halafu polisi anapokea. Ile kazi ya kumkabidhi mshukiwa bila kuchelewa ilifanyika baada ya kila kitu kingine kufanyika.

Shirika la Independent Medico-Legal Unit lilipeleka kesi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa niaba ya waathiriwa. Majaji wa ngazi ya kwanza walikubali kwamba wanaweza kuisikiliza. Serikali ya Kenya ikakata rufaa, na Machi 2012 majaji wa rufaa wakaitupa. Hawakusema mateso hayakutokea. Walisema mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 ya kulalamika, na miezi hiyo ilikuwa imepita. Fikiria mama aliyekuwa akimtafuta mtoto wake hospitali hadi mochari, anaambiwa alipaswa kuwa Arusha ndani ya siku 60.

Bunge, Gazeti Rasmi na jaji mmoja

Katiba ya 2010 iliandikwa na nchi iliyokumbuka haya. Kifungu cha 239 kinasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 241 kinagawa kazi za jeshi mara tatu. Kwanza ni kulinda nchi. Pili ni kusaidia wakati wa dharura na majanga, na hapo lazima Bunge la Taifa liarifiwe. Tatu ni kurudisha amani palipo na machafuko ndani ya nchi, na hapo jeshi haliendi bila idhini ya Bunge.

Juni 2024 mtihani ukaja. Tarehe 25, Gen Z wakiwa wameingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitoa tangazo kwenye Gazeti Rasmi la kupeleka jeshi. Kesho yake wabunge wakaidhinisha. Chama cha Mawakili wa Kenya kikakimbia kortini, na tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatoa uamuzi uliowaudhi watu wa pande zote. Hakuliondoa jeshi barabarani. Lakini aliagiza serikali ndani ya siku 2 iandike wazi jeshi litakuwa wapi, litafanya nini na kwa muda gani.

Wengi tulicheka online. Risasi zinalia, jaji anataka karatasi. Nimebadilisha kicheko hicho nilipoisoma upya historia ya mlimani. Kapkota haikuwa na karatasi kama hiyo. Hakuna aliyelazimika kusema hadharani jeshi linaanzia wapi na linaishia siku gani, na ndiyo sababu baadaye ilikuwa vigumu kuthibitisha lilivuka wapi. Mstari usiochorwa huwezi kumshtaki mtu kwa kuuvuka.

Kama unadhani ni maneno matupu, tazama majirani. Mwaka 1971, mara baada ya kupindua serikali, Idi Amin alitoa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kuwakamata raia. Polisi wake wa kijeshi wa Makindye, Kampala, wakawa jina la kunong'onwa. Mwaka 1973 raia wakaanza kuhukumiwa na mabaraza ya kijeshi. Amin aliondoka 1979 lakini mazoea yalibaki. Tarehe 16 Novemba 2024, Kizza Besigye, aliyekuwa Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, alitoweka hapa kwetu. Siku 4 baadaye alionekana mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye, akishtakiwa kati ya mengine kwa mambo yaliyodaiwa kutokea Nairobi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba. Kabla ya katikati ya mwaka huohuo, bunge likapitisha sheria mpya ya kurudisha uwezo huo katika baadhi ya kesi, na Rais Museveni akaitia sahihi.

Miaka zaidi ya 50, na bado wanabishania mstari uleule. Ukishaufuta, kuuchora tena ni kazi ya vizazi.

Tundu kwenye ua

Turudi Githurai na lile swali la nani alishika bunduki. Akiwa polisi, kuna Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Tunaisema vibaya kila siku kwamba ni polepole, na ni haki yetu kuisema. Lakini ipo, iko nje ya polisi, na ina uwezo wa kuchunguza. Akiwa mwanajeshi, IPOA haina mamlaka juu yake. Hakuna IPOA ya jeshi. Wanaobaki wa kwanza kumchunguza ni wenzake, wale wa herufi MP.

Aprili 2025 filamu ya uchunguzi ya BBC, Blood Parliament, ilifuatilia video za siku ile ya Bunge na kueleza kwamba mmoja wa vijana waliouawa, mwanafunzi wa chuo, alipigwa risasi na mwanajeshi. Jibu la jeshi lilikuwa kwamba IPOA haijawaletea ombi lolote la kuchunguza watu wao. Soma jibu hilo polepole. Chombo kisicho na mamlaka juu ya jeshi ndicho kinachosubiriwa kianze. Ni kama kwenda kuripoti Mwiki moja, uambiwe usubiri mpaka Mwiki ile nyingine ipige simu.

Na si jeshi letu tu. Mwaka 2012 Agnes Wanjiru, mama wa mtoto mchanga, aliuawa Nanyuki, na mwili wake ukapatikana kwenye tangi la maji taka la hoteli waliyokuwa wakinywea wanajeshi wa Uingereza. Mwaka 2019 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo chake aliamua kwamba aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Majeshi mawili, nchi mbili, mikataba ya kugawana nani ashtaki kwanza, na miaka ikapita. Ni Septemba 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hati ya kumkamata mshukiwa. Hati hiyo haikutoka kambini. Ilitokana na familia iliyokataa kunyamaza, waandishi wa habari, na waendesha mashtaka wa kawaida.

Hapo ndipo penye njia, hata kwa wanajeshi wetu. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumshtaki mtu yeyote mbele ya mahakama yoyote isipokuwa mahakama ya kijeshi. Mtu yeyote, na magwanda hayajatajwa kama kinga. Kifungu hichohicho kinamruhusu kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze. Kwa hivyo mwanajeshi akimuua raia barabarani, hakuna haja ya kungoja kambi ijichunguze. Mlango wa kiraia uko wazi kwa sheria. Kilichokosekana ni mtu wa kuusukuma, na sheria ya kuunda chombo huru cha kuangalia jeshi kama tulivyofanya kwa polisi. Wabunge walioweza kuidhinisha jeshi kwa siku moja wanaweza kujadili hilo pia.

Mpaka wakati huo, kuna mambo ya kukumbuka. Kwenye geti la kambi wana nguvu, kwa hivyo usipitie hapo kwa shortcut wala kupiga selfie. Nje ya geti, siku ya kawaida, mwanajeshi anayekushika anapaswa kukupeleka kituo cha polisi, na una haki ya kusema hivyo kwa sauti, kwa adabu, mbele ya watu. Muulize anayekuchukua ni wa kikosi gani na unapelekwa wapi. Mwenzako aliye kando aandike saa, mahali na namba ya gari. Kama kuna jeshi barabarani kwa tangazo, tafuta tangazo lenyewe: linataja eneo gani, kazi gani, mpaka lini. Na mtu wako akiumizwa, andika barua kwa Mkurugenzi wa Mashtaka mapema, ubaki na nakala. Watu wa Mlima Elgon walikuwa na ukweli, wakakosa siku.